Mzee wa Darajani Katika Kompyuta Yako

Cherotich mwanangu,

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika machifu watano na madaktari wawili walioniambia sitafika Krismasi. Yule fahali mweusi aliyenivunja mbavu tatu, huyo hata sikumzika, nilimla. Nimemzika pia mama yako, jambo ambalo halikuwa katika mpango, maana tulikuwa tumekubaliana yeye ndiye atanizika mimi. Katika wanaume wa rika langu kutoka hapa Ndanai mpaka Sotik, anayepanda kilima cha kanisa bila kupumzika amebaki mmoja, na jina lake unalijua.

Nimeanza na majivuno ili ujue ni mimi kweli ninayeandika, hakuna mtu amenishikia kalamu. Shule niliacha darasa la tatu. Herufi nyingine nilijifunzia kwenye karatasi za mizani ya majani chai, ndiyo maana namba zangu ni nzuri kuliko maneno yangu. Nisome polepole.

Saa hii uko Kericho kumuaga shangazi yako, na ninajua anakumalizia maneno yote ya sweta, ya kula vizuri, ya wanaume na ya kuchunga pasipoti. Hayo mimi sirudii. Mimi nina neno moja. Nimetembea nalo tangu siku ile uliponiwekea kompyuta mezani, ukasogeza kikombe changu pembeni kwa heshima kama mtu anayetayarisha madhabahu.

Neno lenyewe ni hili. Ile nukta uliyoiita Mzee wa Darajani, nilikudanganya. Kesho unaibeba kwenda nayo ng'ambo kuwaonyesha watu wenye akili, na imejengwa juu ya uongo wangu. Ibadilishe kabla hujaionyesha mtu. Sasa nitakuambia kwa nini, na ukimaliza kusoma utaamua mwenyewe kama bado utaniita Baba kwa ile sauti yako au kwa sauti nyingine.

Ulinieleza hivi, nakurudishia ujue kwamba nilisikia. Nukta za bluu ni watu wa Jumapili. Nukta za njano ni watu wa Jumamosi. Kila nukta umeipa imani yake, na hofu yake, na watu wa upande wa pili inaowajua kwa jina. Halafu unaziacha zitembee. Zikikutana mara kwa mara hofu inashuka. Zisipokutana inapanda kidogo kidogo, hata kama hakuna mtu amemtukana mwenzake. Kisha unatupa uvumi mmoja katikati, mdogo kama kijiti cha kiberiti, unakaa kuangalia nani anageuka mwekundu.

Nikakuuliza, "Hawa watu wako wanakula nini?"

"Hawali, Baba."

"Na kuomba, wanaomba?"

"Nimekuambia nimewapa imani."

"Umewapa wewe? Basi kuanzia leo nitakuwa nikikuamkia nimepiga magoti."

Ukacheka, ukanipiga bega. Halafu ukasema neno ambalo sijalisahau. Ulisema, "Baba, mimi siwezi kuchoma kanisa la kweli ili nijue moto unaanzia wapi. Humu ndani naweza kulichoma mara elfu na hakuna mama analia. Kila mara nabadilisha kitu kimoja tu, mpaka nijue ni kipi kingeuzuia."

Nilijisikia mkubwa kuwa na mtoto anayesema maneno kama hayo. Halafu ukanionyesha kijiji chetu. Ulikuwa umekiweka chote: kanisa letu juu kilimani, kituo cha kuuzia majani katikati, kanisa la watu wa Jumamosi chini, kijito, daraja la magogo, na ng'ambo ya daraja nyumba zao. Nukta moja ya bluu umeifanya kubwa kuliko nyingine zote. Ukasema, "Hii ni wewe." Ukabonyeza. Wekundu ukashuka kilima, ukameza kanisa la chini, ukaelekea darajani, na ile nukta kubwa ikasimama peke yake ikauzuia. Wekundu ukarudi juu, ukafifia.

"Sasa angalia nikikutoa," ukasema. Ukanitoa. Wekundu ukavuka daraja ukamaliza nyumba zote.

Ukaniangalia. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiniangalia ulipokuwa na miaka sita, nikikuvusha mto mabegani. Ukasema kule uendako mtawashauri watu wa nchi nyingine, pale kanisa na msikiti vinapotazamana vibaya, kwamba katika kila kijiji watafute mzee wa namna hiyo wamtie nguvu mapema. Mzee kama Baba.

Mimi nikanywa chai yangu. Ilikuwa imepoa.

Sasa sikiliza. Wewe umekua ukiona watu wetu wanachambuliana majani, labda unadhani dunia nzima iko hivyo. Vituo vingine kila mtu anachambua kikapu chake. Kwetu hapana. Kwetu ukifika unamwaga majani kwenye gunia lililotandikwa, na mtu aliye nyuma yako kwenye foleni ndiye anayechambua. Anatoa jani lililokomaa, anatoa vijiti, anaacha majani mawili na kichipukizi. Waliotutangulia walipanga hivyo kwa sababu jicho lako lina huruma na jasho lako mwenyewe.

Na foleni ilikuwa moja. Watu wa Jumapili wengi ni sisi Wakipsigis. Watu wa Jumamosi ni wale waliotoka upande wa Kisii, na watoto wao waliozaliwa hapa, ambao Kikipsigis chao kinashinda cha vijana wetu. Zamani zile lori lilikuwa likichelewa saa tatu, saa nne. Ukikaa na mikono kwenye majani ya mtu saa nne, utajua mke wake anaumwa mgongo, ng'ombe wake amezaa pacha, mtoto wake hataki shule. Hakuna mtu aliyeita hiyo kazi ya amani. Tulikuwa tunalaani dereva tu.

Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kituo. Siku moja nilichuma haraka haraka kwa sababu nilikuwa na mkutano, na mkutano bila mimi ulikuwa hauanzi. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Ombati, mtu wa Jumamosi, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Akaanza kuchambua. Akatoa jani, akatoa jani, akatoa jani, mpaka rundo la kutupa likapita rundo la kuuza.

"Mwenyekiti," akaniita, foleni nzima inasikia, "hii ni majani ama ni lishe ya ng'ombe?"

"Chambua. Wacha mdomo."

"Nachambua. Lakini naona nikimaliza nitakurudishia kikapu peke yake."

Watu wakacheka. Karani wa mizani akacheka. Mama yako akacheka mpaka wewe mgongoni ukaamka ukalia, ulikuwa na wiki chache tu. Hapo kwa mama yako ndipo paliponiuma.

Mtu mwingine angecheka na wao, yakaisha. Mimi nilikwenda nyumbani na hasira yangu nikaitafutia nguo, nikaivalisha nguo ya kanisa. Sikusema Ombati ameniaibisha. Nilisema watu wa Jumamosi wanadharau majani ya watu wa Jumapili. Nikalisema mara ya kwanza kwa mzaha, mara ya pili bila mzaha. Mwezi haukuisha, kamati ikapitisha foleni mbili: Jumatatu watu wa Jumapili, Jumanne watu wa Jumamosi. Nikaita utaratibu. Na watu walinisifu, Cherotich! Foleni ikawa fupi, lori likawa linaondoka mapema. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyepigwa. Kama ungetupima siku hiyo na kompyuta yako usingeona nukta nyekundu hata moja.

Lakini kanisa lilianza kuungua siku hiyo. Kiberiti kilikuja baadaye tu.

Ilipita miezi, haikufika mwaka. Ufunguo wa kanisa letu nilikuwa nao mimi. Bawaba ya mlango ilikuwa imekatika, na mimi, fundi wa kila kitu, nikasema sihitaji fundi. Nikaufunga mlango kwa kamba. Jumapili asubuhi tukakuta mlango umelala chini, kitambaa cha madhabahu kiko kwenye matope, vitabu vya nyimbo vimeraruka. Watu wakasimama, kila mmoja akinitazama mimi, kwa sababu ufunguo ni wangu.

Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa, "Ni mimi, niliufunga kwa kamba." La pili ndilo lililotoka. Nilisema, "Jana watu wa Jumamosi ndio walikuwa na ibada. Waulizeni."

Waulizeni. Miaka yote nimejitetea na neno hilo. Sikusema wapigwe, nilisema waulizwe.

Kisha nikaingia ndani kuinua benchi, nikaona mavi ya mbuzi. Mengi, kama mtu amemwaga maharagwe. Mbuzi walikuwa wa nani sijui, labda hata wangu, lakini mbuzi hana siku ya ibada. Nikayasukuma kwa kiatu chini ya benchi. Na hapo bado nafasi ilikuwepo, mwanangu. Vijana walikuwa bado nje wamesimama, hawajashuka. Ningetoka mlangoni niseme, "Jamani, ni mbuzi," wangecheka, na wangenicheka mimi. Nikaiona tena ile foleni ikicheka. Nikabaki ndani nikijifanya naokota karatasi, mpaka nikasikia miguu inashuka kilima.

Ukitaka kupumzika hapa, pumzika. Mimi nilipofika hapa nilitoka nje nikaangalia ng'ombe kwanza.

Nilikuambia kwamba nilikimbia kuwazuia. Nilikimbia, ndiyo, ili nisionekane nimebaki nyuma, mimi mwenyekiti. Nilipofika chini kanisa la mbao la watu wa Jumamosi lilikuwa linawaka. Ombati alikuwa ameingia kuokoa Biblia. Akatoka nazo kifuani, mtu akampiga panga mkono wa kulia. Panga lilikuwa langu, lile la kupogolea chai, lilitolewa ukutani kwangu. Aliyelishika simtaji. Nikimtaja utamtazama yeye na utaniacha mimi.

Kutoka hapo watu wakaelekea darajani, kwenye nyumba. Na mimi nilikuwa mbele. Hukusikia vibaya. Mbele.

Kwenye mdomo wa daraja, wamekaa chini, walikuwa mama yako na Kwamboka, mke wa Ombati. Wametandika gunia katikati yao, wamemwaga majani, wanachambua. Kumbe hao wawili hawakuwahi kuacha. Tangu nilipogawa foleni walikuwa wakikutana hapo darajani kwa siri, Jumatatu na Jumanne asubuhi, wakichambuliana, ndipo kila mmoja anabeba kikapu kwenda na siku yake. Jumapili hiyo mama yako alipowaona vijana wanashuka alikata njia ya mkato, akachuma chochote kando ya njia, kikomavu na kichanga, siku yetu ya kupumzika hiyo, akamwita Kwamboka wakaketi. Majani yenyewe yalikuwa takataka. Wewe ulikuwa mgongoni.

"Ondoka njiani," nikamwambia.

"Nina kazi."

"Mama Kiplangat, ondoka!" Nilimwita kwa jina la kaka yako, kama kila siku.

Hakuinua kichwa. Akatoa kijiti, akakitupa. "Baba Kiplangat, kama unavuka, vuka. Anza na mimi. Halafu huyu mgongoni. Halafu Kwamboka. Usiharibu foleni."

Kwamboka alikuwa hajapata habari ya mkono wa mume wake. Aliendelea kuchambua. Kijana mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Mzee, mtoe huyo mama!" Na pale pale wanawake wawili wa kwetu wakajipenyeza katikati ya watu, wakaja wakakaa kwenye gunia, wakaanza kuchambua. Mmoja wao alikuwa mama wa huyo kijana.

Halafu wewe ukaniona. Ulikuwa hujatimiza mwaka, lakini ulinitambua. Ukaninyoshea mkono. Ulidhani nimekuja kukuchukua.

Hapo ndipo nilipogeuka. Na vijana waliponiona mwenyekiti amegeuka, wakageuka. Kipande hicho nilikuambia ukweli: mimi ndiye niligeuka wa kwanza. Lakini nukta yako inasimama yenyewe, kwa nguvu zake. Mimi sikusimama mwenyewe. Nilisimamishwa na wanawake waliokaa chini, na walikaa pamoja kwa sababu hawakuwahi kukubali foleni yangu. Ukienda kule ukawaambia watu watafute mzee mkubwa wamtie nguvu, watamtafuta mtu kama mimi, watampata, wapo wengi. Watampa kofia na kipaza sauti. Na ile foleni wataipita bila kuiona.

Tena hukujiweka wewe. Nimetafuta kwenye ile picha yako, hakuna nukta ndogo mgongoni. Iweke.

Kitu kingine. Foleni ilirudi kuwa moja. Mama yako alisema akiona foleni mbili tena atahamia kwa Kwamboka na mimi nitajipikia. Nikaiunganisha, na watu wakanisifu tena. Mimi huyu nimesifiwa kwa kugawa na nimesifiwa kwa kuunganisha.

Mkono wa Ombati haukufunga tena vidole. Kuchuma chai kunataka mikono miwili, lakini kuchambua mtu anaweza kwa mmoja, basi mkewe akawa anachuma na yeye anakuja foleni kuchambua. Siku ya kwanza aliyorudi, akaangukia nyuma yangu. Mimi nilikuwa nimechuma vibaya kwa makusudi. Nilitia majani makomavu juu kabisa, yanayoonekana hata na kipofu, ili anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kucheka. Nilitaka kucheka, mwanangu, kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Akayaangalia. Akapitisha mkono wake mzima juu ya majani, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Akasema, "Ni mazuri, Mwenyekiti."

Hakutoa hata moja. Alikaa miaka kumi na tatu baada ya hapo mpaka alipokufa, na hakuwahi kutoa jani langu hata moja.

Kwenye kompyuta yako, baada ya mimi kuzuia moto, nukta ya Ombati imetulia na njano yake safi, na chini umeandika kwamba amani imerudi. Haikuwa amani. Alikuwa ananiogopa, na mtu anayekuogopa ni mtulivu sana. Sijui kama kuna kitufe cha jambo hilo. Kama hakipo, kitengeneze. Mtu aliyekuwa akikuchambua, na leo anakuambia yote ni mazuri, huyo usimhesabu pamoja na waliopona.

Utauliza kwa nini nilikudanganya. Nilianza kidogo tu. Watu walisema "mwenyekiti aliwarudisha vijana," na mimi sikukataa. Mwaka uliofuata nikaongeza kwamba nilinyosha mikono. Ulipofika darasa la nne na mwalimu akawatuma mkaulize wazazi habari za zamani, nilikuwa tayari nimesimama juu ya magogo na upepo unapuliza koti langu. Mama yako kila nilipofika hapo alikuwa akitoka kwenda kufungia kuku. Kuku wetu walifungiwa mara nyingi sana. Ulipoenda kwa Kwamboka na daftari lako kumuuliza, alikuambia, "Mwenyekiti aliwarudisha, ndiyo. Mengine muulize yeye." Ukaja ukaniuliza mimi. Ukaniacha nichambue majani yangu mwenyewe.

Mama yako karibu na mwisho aliniambia, "Mtoto umwambie." Nikamwambia nitamwambia. Hiyo ni miaka minne.

Utakosea kule, na wewe ni mtoto wangu, kukubali kutakuwa kugumu. Kitu ninachokijua mimi ni kwamba kuna muda mfupi, watu wakiwa bado wamesimama mlangoni, ambapo neno ni jepesi kama mavi ya mbuzi, linasemwa na watu wanacheka. Wakishashuka kilima, neno lile lile hulibebi tena.

Leo baada ya kanisa nilichukua barua hii, nilikuwa nimeiandika mpaka hapo juu penye foleni mbili, nikashuka nayo mpaka ng'ambo ya daraja. Kwamboka alikuwa nje anaanua nguo.

"Mwenyekiti! Umepotea njia?"

"Nimeandika barua kwa Cherotich."

"Wewe? Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi mwaga," akasema, akavuta kigoda.

Nikamsomea niliyoandika, na ambayo nilikuwa sijayaandika nikamwambia kwa mdomo. Akanichambua, alikuwa hajasahau kazi. Nilisema kwamba darajani nililia. "Hukulia," akasema. Nikasema nililia kidogo. "Hukulia. Toa." Nimetoa. Fahali pia, pale mwanzo niliposema mbavu tatu, soma moja. Sikutaka kuchafua ukurasa wa kwanza.

Tulikuwa tunacheka kabisa. Halafu nikafika kwenye mbuzi.

"Mbuzi?" akauliza.

"Mbuzi."

"Ulijua lini?"

"Kabla hawajashuka."

Akakunja nguo aliyokuwa ameishika. Akaikunja tena, ikawa ndogo sana. Akaingia ndani akakaa huko, mimi nimekaa nje na karatasi zangu. Aliporudi hakukaa.

"Ombati aliamini ni kijana wa upande wetu alivunja mlango wenu," akasema. "Alimshuku mtoto wa ndugu yake, kwa sababu alikuwa mkorofi kidogo. Kijana akaapa si yeye, Ombati akakataa kumwamini. Hakumsalimia tena mpaka akaingia kaburini. Huyo kijana alihamia mbali na mazishi hakuja."

Hilo mimi sikulijua, Cherotich. Nimeishi karibu naye miaka yote hii nikidhani deni langu nalijua lote. Nilidhani nimeharibu kanisa moja na mkono mmoja.

Nikamwambia, "Nifanye nini?"

"Hapo kwenye mbuzi sitoi kitu. Andika vile ulivyosema. Huyo kijana nitampigia simu mimi, na wewe utaongea naye. Wewe mwenyewe, si kwa kupitia mtu." Halafu akasema, "Chai leo sikupi. Nenda. Siku nyingine njoo, tutaona."

Nikaondoka. Kilima nilipumzika mara mbili, hiyo pia uijue.

Nimerudi nimekaa hapa mezani pako, nimeandika yaliyobaki. Mursik wako, yale maziwa ya kugandisha unayoyapenda, nimeuweka kwenye kibuyu kidogo, najua hawatakuruhusu kupita nao uwanja wa ndege, unywe asubuhi. Barua nitaiweka ndani ya kifuniko cha kompyuta, ili usiweze kuifungua hiyo mashine bila kunikuta mimi kwanza. Sikuombi uache kujivunia baba yako. Mimi mwenyewe sijaacha kujivuna, umeona. Lakini ukiwa kule baridi, ukabonyeza, ukaniona nimesimama darajani, nataka uwe unamwona mtu aliyegeuka kwa sababu mtoto alimnyoshea mkono. Hiyo mimi inanitosha. Ni nukta ndogo, lakini ni yangu kweli.

Wanaoweza kunishuhudia ni hawa. Mama yako, ambaye alifungia kuku. Kwamboka, ambaye yuko hai, na amesema kesho kabla ya gari lako upite kwake, na yeye safari hii atajibu kila utakachouliza. Na wewe, ambaye ulikuwepo, ingawa ulikuwa unatazama nyuma ya bega la mama yako. Huko kituoni mtu aliye nyuma yako kwenye foleni ndiye anayekuchambua, na nyuma yangu mimi uko wewe. Nimemwaga yote. Usinihurumie.

Baba yako.